Kibao Chekundu cha Gaëtan

Kazi yangu ni kuwakabidhi watu magari yasiyo yao. Nakaa nyuma ya meza kwenye uwanja wa ndege wa Lyon, na kila msafiri namwuliza kwanza anaishi wapi. Anayeishi ndani ya Umoja wa Ulaya atakodi kama watu wote: gari lililokwishapita mikono mingi, amana, na ubishi wa mikwaruzo siku ya kurudisha. Anayeishi nje, akiwa anakaa wiki kadhaa, namwandikia mkataba wa gari jipya lililotoka kiwandani juzi, na bima kamili juu yake. Hata akiparuza ukuta, hakuna atakayemnunia. Ila gari hilo hufungwa kibao chekundu cha namba, na pembeni mwa kibao huandikwa mwezi ambao ruhusa yake inakwisha. Watalii hawajali. Wengine hupiga nacho picha.

Mdogo wangu Gaëtan anaishi Montréal, kwa hiyo naye anastahili kibao hicho.

Baba yetu, Marcelin, ana ng'ombe wa aina ya Salers kwenye milima ya Cantal. Gaëtan alikuwa bado anatambaa alipotangaziwa kwamba ng'ombe wale ni wake. Mimi ndiye kifungua mimba, na mimi ndiye niliyekuwa nikiamshwa alfajiri kukamua, lakini hakuna aliyeniuliza kitu, nami kwa kiburi nikanyamaza. Nikaenda mjini kugawa funguo. Niseme mapema, msije mkadhani nawaficha: ng'ombe wale nilikuwa nawataka, na sijaacha kuwataka.

Baridi iliyopita goti la baba liligoma kabisa. Jirani yetu, Brugière, akajitolea kulinunua kundi zima. Gaëtan akapiga simu kutoka Montréal akimwahidi baba kwamba kiangazi angerudi moja kwa moja awasimamie ng'ombe. Baba akafurahi kama mtoto, akamwambia Brugière asubiri. Brugière akasubiri mpaka uvumilivu ukamwishia, akataka jibu kabla ya Jumatatu. Akikosa jibu, ananunua kwingine, na baba anabaki na ng'ombe na goti lake.

Jumamosi Gaëtan akatua. Hata salamu hazijaisha akaniambia habaki. Wamempandisha cheo kazini, na mkewe hataki kusikia habari za milima.

"Umemwambia baba?"

"Nitamwambia, dada. Ila si leo. Acha kwanza afurahie kiangazi."

"Na Brugière je?"

"Brugière kazoea kusubiri."

Nikamsogezea mkataba. Akaona picha ya kibao chekundu, akaukunja uso.

"Hapana. Nipe la kukodi, lenye namba za kawaida."

"Kwa miezi miwili? Utalia wewe. Na ukilikwaruza kwenye ile njia yetu, amana utaisikia kwenye bomba."

"Bora nilie. Baba akiona hicho kibao si atajua nimekuja kutembea tu?"

Alikwenda mwenyewe kuzunguka meza za wenzangu wanaokodisha. Msimu ulikuwa umechanganya, hakupata hata baiskeli. Akarudi, akatia sahihi bila kunitazama. Nami nilikuwa nimemaliza zamu, nikapanda tukaondoka pamoja.

Tulipoupita mji wa Mauriac, karibu na kwetu, akasimamisha gari kando ya mtaro, akashuka, akachota tope kwa mikono miwili na kulipaka juu ya kibao cha mbele, kisha cha nyuma. Mtu mzima, na shati lake la kazini. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Unaingia uani kwa baba na tope?"

"Si shamba lile, dada? Tope shambani ni kitu cha ajabu?"

Nikaacha kucheka. Kwetu hakuna gari linaloingia uani na tope la njiani. Tope hubeba maradhi ya mifugo ya watu, na miaka ya nyuma mzee mmoja wa bonde la pili alipoteza kundi zima kwa mgeni mchafu. Tangu hapo kila gari, hata la padri, hukutwa langoni na baba mwenye ndoo ya dawa na brashi. Hili Gaëtan alilijua kabla ya kujua kusoma.

"Umesahau nyumbani wewe," nikamwambia.

"Na wewe umeanza," akanijibu, akawasha gari.

Baba alikuwa langoni. Alimkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulishika ndoo. Akaanza na magurudumu, anainama kwa shida na goti lake lile, anakataa kusaidiwa. Halafu akapanda juu kidogo na brashi. Tope likateremka. Chini yake pakawa pekundu.

"Tope hili mmelitoa wapi?" akauliza. "Mvua haijanyesha huku tangu juma lililopita."

Gaëtan akasema ni la njiani. Baba akakisugua kibao mpaka mwisho, pole pole, akasoma pembeni.

"Mwezi wa tisa."

"Mambo ya karatasi tu hayo, baba."

"Watalii wanaokuja kununua jibini huja na vibao hivi hivi. Wanaonja, wanasifia, wanapotea." Akaweka brashi ndani ya ndoo. "Ungenipigia simu ukasema. Ningefoka mpaka jioni, yakaisha. Lakini wewe unanipaka matope!"

Gaëtan alianza kulia. Nilimwonea huruma, kusema kweli, ingawa sikumgusa. Baba alimwambia aende ndani ale, viazi na jibini viko mezani, vitapoa. Kisha akachechemea kuelekea zizini, maana saa ya kukamua ilikuwa imefika na ng'ombe hawajui matatizo ya watu.

Nikavaa mabuti ya mama, nikamfuata.

Ng'ombe wa Salers hatoi maziwa bila ndama wake kuwapo. Lazima umwachie ndama anyonye kidogo, kisha umfunge kwenye mguu wa mbele wa mama yake, ndipo ukamue huku mama anamlamba. Nilimfungua ndama wa kwanza, nikamfunga, nikakaa. Mikono ilikuwa haijasahau. Baba alikaa juu ya kigoda akinitazama, kitu ambacho sikumbuki aliwahi kukifanya.

"Ukimaliza mpigie Brugière," akasema. "Mwambie Jumatatu aje na lori."

"Simpigii."

"Nini?"

"Simpigii, baba. Ng'ombe nawataka mimi."

Maziwa yalikuwa yanagonga ndoo.

"Wewe una kazi nzuri mjini."

"Kazi ya kugawa funguo."

"Mbona miaka yote hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Gaëtan naye sikumwuliza."

"Ndiyo maana yuko ndani analia."

Nilidhani angenifukuza. Hakunifukuza. Alijishika goti, akasimama, akaenda mwenyewe kumfungua ndama wa pili, akamleta kwa mama yake.

"Mwaka mmoja," akasema akiwa amenipa mgongo. "Nikuone. Ukishindwa nawauza, kwa Brugière au kwa yeyote."

Mwanawe wa kiume alipewa kundi zima kabla hajajua kutembea, bila sharti lolote, na hakulitaka. Mimi niliyelitaka tangu utotoni nikapewa kwa majaribio. Iliniuma, tena iliniuma sana. Nikamwambia baba ndiyo haraka haraka, asije akabadili mawazo, nikahamisha ndoo kwa ng'ombe wa pili.