Sinia Nne za Mwanatumu

Siku ya thelathini na tisa baada ya maziko ya mkewe, Athmani alizishusha sinia nne kutoka juu ya kabati la jikoni, akaliondoa gunia lililozifunika, akazipanga uani penye jua. Zilikuwa sinia za chuma, nyeusi tititi kwa mafuta na moto wa miaka ishirini na miwili. Katika moja ulisalia ukoko wa mkate, upana wa kiganja, umekauka kama gamba. Huo ndio mkate wa mwisho aliouoka Mwanatumu kabla ya kulazwa.

Athmani aliutazama ukoko ule asihisi kitu. Tangu siku ya maziko hakuwa amehisi kitu. Aliamka, akaswali, akapiga pasi kanzu, akapokea mikono ya rambirambi na kujibu "Alhamdulillahi" kama karani anayepiga mhuri.

Jambo moja tu lilikuwa mbele yake. Mwanatumu alipokuwa kitandani hospitalini alimwambia: "Arobaini yangu wageni walishwe mkate wangu wa sinia, uokwe katika sinia zangu, na pasitandikwe jani la mgomba chini yake. Mikate ya kununua usiniletee." Athmani akaahidi, naye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Katika shule ya bweni alikosoma alikuwa kiranja wa jiko. Alipitisha leso nyeupe ndani ya kila sufuria, na ikitoka na doa, wa zamu walianza upya. Miaka thelathini ya kazi bandarini haikumfutia mafunzo hayo. Weusi wa sinia zile ulimkera ndoa nzima. Mwanatumu alicheka tu, akazificha. "Hizi hazikusoma shule yako," alimwambia.

Kesho nyumba yao, hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu, ingejaa watu. Athmani hakutaka asikike hata mmoja akisema marehemu aliacha uchafu. Akachukua kumbi la nazi, mchanga na majivu, akaketi kibaoni, akasugua. Alisugua tangu saa tatu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Ukoko ule nao ukang'oka, ukaenda na maji karoni. Alipomaliza aliuona uso wake ndani ya chuma: uso wa mzee, umetulia, hauna neno.

Alasiri akaja Mejumaa, dada wa marehemu, kutoka Tononoka, na ndoo ya mchele uliosagwa kwa tui, iliki na hamira.

"Hodi! Shemeji, za kutwa?"

"Njema, shemeji. Karibu."

Mejumaa aliitua ndoo, macho yake yakaangukia zile sinia.

"Ya Rabi! Nani aliyezichuna ngozi?"

"Nimezisafisha."

"Umezisafisha! Sasa hizi ni sinia, au ni vioo vya kinyozi?" Akacheka, kisha akapitisha kidole juu ya chuma. "Shemeji, ule haukuwa uchafu. Ni mafuta yaliyoungulia kwenye chuma, safu juu ya safu. Ndiyo yaliyouzuia mkate usinase. Dada aliyaanza siku sinia zilipotoka kwa fundi."

"Hakunambia."

"Alikwambia miaka ishirini. Wewe ulikuwa ukikagua."

Walijaribu mkate mmoja, makaa chini na makaa juu. Ulipoiva Mejumaa aliupindua. Uso ukatoka, tako likabaki limegandamana na chuma. Athmani akanyoosha mkono kulichukua kumbi.

"Wacha hilo! Ukikwangua utazidi kuharibu. Mimina maji ya moto, uache yafanye kazi yake."

"Nambia la kufanya na hizi nyingine."

"Paka mafuta kwa kitambaa, kisha yafute kana kwamba umekosea kuyapaka. Mengi hunata kama asali. Weka motoni hata moshi uishe. Halafu tena."

"Mara ngapi?"

"Hata zikukubali."

Asubuhi iliyofuata, tangu alfajiri, Athmani, ambaye hakuwahi kuwasha jiko la makaa nyumbani mwake alipaka, akafuta, akachoma. Chuma kikawa na rangi ya chai ya maziwa, kisha ya chai kavu. Weusi haukuja. Saa nane Mejumaa alimsogelea na majani ya mgomba aliyoyababua motoni.

"Tutandike, shemeji. Mkate utatoka mzima, na hapana atakayejua."

"Alisema pasitandikwe jani."

"Alisema hivyo sinia zake zilipokuwa sinia."

"Nami niliitika. Mimina."

Wakaoka. Mikate yote minne ilitoka, lakini kila mmoja uliacha kipande chake nyuma, na chini ilikuwa imechanika.

"Basi tuifunike aibu," Mejumaa akanong'ona. "Upande mzuri juu, tuikate."

Baada ya hitima kusomwa, kahawa ikiwa inazungushwa, Athmani aliingia barazani na mkate wa kwanza. Aliuweka katikati ya wageni, akaupindua kwa mikono yake, upande uliochanika ukatazama juu.

"Mkate wa Mwanatumu haukuwa hivi," alisema, kwa sauti ile ile ya kusomea majina ya zamu. "Sinia zake nimeziharibu mimi kwa kuzisugua. Yeye hana lawama."

Jirani mzee Kadenge aliyestaafu reli alimega kipande cha pale palipochanika, akakitafuna polepole.

"Ladha ni yake," akasema. "Mungu amrehemu."

Wengine wakanyoosha mikono. Athmani naye akamega. Alitafuna, akameza, hakuhisi ladha yoyote.

Wageni walipoondoka alirudi uani. Katika sinia moja kilibaki kipande cha mkate, upana wa kiganja. Kumbi la nazi lilikuwa pale pale ukutani. Alilitazama, akalitupa jaani, akachukua birika akamimina maji ya moto.

"Nikusaidie?" Mejumaa aliuliza, buibui likiwa tayari mabegani.

"La. Nambia tu huchukua muda gani."

"Hata yapoe."

Athmani akavuta kibao, akaketi mbele ya sinia, mikono magotini, akangoja.