Kopo la Agwang

Fundi Rasto alikuja Tororo kutoka Busia ya Kenya na mita ya manjano ya kupimia umeme kiunoni, utadhani bastola, na Agwang alimdharau tangu aliposhuka kwenye boda. Mtu gani anavaa miwani ya jua kukagua mashine ya kutotolea vifaranga?

Mashine ilikuwa ya Nuriat, jirani wa Agwang, mjane aliyeweka mle mayai mia tatu na kila alichokuwa nacho. Kesho yake yangeanza kuanguliwa. Stima ilikatika alfajiri, kwa hiyo mashine ilikuwa ikitumia inverta ya betri.

Mita ya Rasto ikasoma volti mia moja na tisini. "Hii iko chini sana, mama. Wacha niiongeze."

Agwang, fundi wa redio, akatoa mita yake: transista sita alizozichomelea mwenyewe ndani ya kopo la siagi. Ikasoma mia mbili na thelathini, barabara kabisa.

"Mita yako inajua wimbi laini ya stima tu," akasema. "Inverta hii inatoa wimbi ya pembe-pembe. Yako inanyoosha umeme, inachukua wastani, ingine inakisia. Ya kwangu inapima nguvu yenyewe."

Rasto akacheka. "Sasa tuamini kopo ya siagi?"

Nuriat akatabasamu kidogo, akamtazama mwenye miwani.

Tabasamu lile ndilo lililomchoma Agwang. Angeweza kusema mara ya pili. Angeweza kuzima inverta akasimama mbele yake. Badala yake alifunga kopo, akajiambia wacha wajionee umeme ukizidi, akaenda kwake kupika chai. Rasto akazungusha skrubu ya inverta mpaka mita yake ikaridhika kwa mia mbili na thelathini, akapanda boda akaenda zake.

Agwang alikunywa vikombe viwili akisubiri kuitwa, na kusema kweli alikuwa na furaha. Hata maneno aliyapanga, hasa yale ya mpumbavu yule na miwani yake.

Alasiri Nuriat alikuja mwenyewe. Kidhibiti joto kilikuwa kimeungua, hita ikabaki inawaka bila cha kuizima. Mkononi alishika yai moja, bado la moto, lenye tundu dogo na ncha ya mdomo imechungulia, haitikisiki.

"Dada," akasema, "wewe ulijua?"

Agwang alikuwa amepanga maneno ya kutwa nzima, na yote yalimhusu Rasto.