Chupa Tatu za Célestine

Célestine alikuwa mtu wa kupanda basi kwa kituo kimoja. Majirani zake wa Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, walimjua hivyo na wakamtania hivyo: hata duka liwe pale ng'ambo, yeye atasubiri basi dakika kumi na mbili ili asitembee dakika saba. Kwa hiyo siku aliposema amejiandikisha kwenda kutembea kwa miguu siku tisa katika jangwa la juu kule Moroko, binti yake Gaëlle aliweka kijiko chini.

"Men mamma, varför?" Alitaka kujua kwa nini, na kwa haki.

"Kwa sababu ile ingine sikuichagua," Célestine akamjibu, akaendelea na wali wake.

Ile nyingine ilikuwa ya mwaka 1996, kutoka Uvira, Kongo: siku kumi na tisa kwa miguu, vita nyuma yao, na watoto wawili wa marehemu dada yake wameng'ang'ania kitenge chake. Tangu hapo miguu yake haikutaka kusikia habari ya mwendo mrefu. Lakini mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na minane, aliona tangazo lenye picha ya mawe mekundu na watu wanaokunywa chai hemani, na moyo ukamruka. Alitaka, walau mara moja kabla ya kuzeeka, kutembea mbali kwa raha zake, tiketi ya kurudi ikiwa mfukoni. Alilitaka jambo hilo mno, kiasi kwamba aliona haya kulisema.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kiliitwa Ritah. Mganda huyu mfupi, mkavu wa maneno, ndiye aliyeongoza safari. Aliijua ile milima, majani yake na wenyeji wake wanaopokea wageni. Na kabla ya kumpeleka mtu yeyote huko, alimpima kwanza hapa Stockholm kwa mwendo wa kilomita kumi na sita. Aliyeshindwa alifutwa jina, basi, hata akilia.

Wakakutana Jumamosi moja ya Julai nje ya kituo cha treni cha Björkhagen, kando ya msitu, watu wanane. Joto lilifika nyuzi ishirini na tisa, na Waswidi waliokuwa wakipita walihema kama waliofiwa. Ritah akagawa chupa tatu za lita moja kwa kila mtu.

"Haya ndiyo maji yenu ya leo," alisema. "Ziwa hatuligusi."

Kusema kweli, ukitaka kumfundisha mtu jangwa, msitu ule ni mahali pa ajabu pa kuanzia. Kila kona ziwa, kila ziwa watoto wanajirusha majini wakipiga kelele. Mzee Petero, Mganda mwingine, mstaafu wa kiwandani Södertälje, aliyatazama maji hayo kwa uchungu mkubwa na kujifariji kwa chupa zake. Alikunywa kama yuko harusini. Célestine alimpita, akawapita wengine wote, mkoba mgongoni na kofia imekaa upande. Miguu ile ya kusubiri basi ilikuwa imeamka, na alijisikia msichana.

Nusu ya njia, kwenye mapumziko ya Hellasgården, walikaa chini kula. Ritah akapita akikagua chupa. Célestine hakusubiri afikiwe. Alizipanga zake kwenye nyasi mwenyewe.

"Ona! Zote tatu. Hata moja sijagusa."

Alingoja sifa. Ritah akachuchumaa mbele yake.

"Mama Gaëlle, umefeli."

"Nimefeli namna gani? Si mi ndiye niko mbele ya bote?"

"Uko mbele, ndiyo. Lakini kule juu hewa ni kavu, hata jasho lako hulioni. Mtu akimaliza maji mapema, mimi niko na akiba, nitampa. Mtu akificha kiu, ananiangukia siku ya pili na ninamfunga juu ya nyumbu." Akamtazama. "Haya maji unamwekea nani?"

Célestine akazitazama chupa zake. Wale watoto wa dada yake aliowawekea, mmoja sasa anaendesha basi Göteborg, na mwingine ana watoto watatu. Siku zote kumi na tisa aliwaambia, "Kunyweni, mi sina na kiu," huku ulimi umemganda mdomoni. Uongo ule aliusema vizuri hata yeye mwenyewe akauamini, na tangu wakati huo, kila mara mezani, alikunywa baada ya watu wote.

Ritah akachukua chupa moja akaitia katika mkoba wake. "Hii umechelewa, itakuumiza tumbo. Hizi mbili ni zako. Tukifika kituoni zikiwa tupu, unaenda. Kukiwa na kitu ndani, nafuta jina. Na usimwage, please. Nitaona."

Kazi ikaanza hapo. Kutembea ilikuwa rahisi. Kunywa ndiko kulikomshinda. Alipiga funda moja moja kama mtu anayemeza dawa chungu, akitazama nyuma kuona kama kuna anayehitaji. Ilipobaki chupa moja nzima na kilomita tatu tu, Mzee Petero akajibwaga kwenye jiwe.

"Banange, nakufa! Zangu zimekwisha zote. Mama Gaëlle, wewe ni mtu wa kanisani, nionee huruma."

Kizibo kilikuwa tayari kimefunguka. Mkono wa Célestine ulikuwa umeshanyooka kumpa, wenyewe, bila kumuuliza. Wote wakasimama. Ritah akaitazama chupa.

Célestine akaurudisha ule mkono.

"Papa Petero," alisema, na sauti ikamtoka ndogo, "niko na kiu."

Akashtuka kujisikia. Hakuwahi kuyasema maneno hayo mbele za watu. Akayarudia kwa nguvu, bata wakaruka ziwani: "Niko na kiu! Niko na kiu sana, bantu ya Mungu!" Akainua chupa akanywa, maji yakamtiririka kidevuni hadi kifuani, akawa analia na kucheka kwa pamoja, na wenzake wakampigia makofi ingawa nusu yao hawakujua wanashangilia nini. Ritah akatoa chupa ya akiba, akampa Petero, kisha akageuka kando akijifanya ameingiwa na mdudu jichoni.

Baada ya hapo Célestine aliwachelewesha mara mbili kwa kukimbilia vichakani, na mara zote mbili walimsubiri wakiimba kwa sauti kubwa ili asione haya. Kituoni Ritah akazipindua chupa zake juu chini. Hakikudondoka kitu. Akampa mkono: "Tunaondoka mwezi wa kumi, Mama Gaëlle."

Petero akaiokota chupa, akachungulia ndani, akaitikisa. "Yaani hukuniachia hata tone?"

"Hata tone," Célestine akasema, na uchoyo haukuwahi kumnogea hivyo maishani mwake.