Daraja la Treni ya Nne

Mtaani kote walimwita Fundi, kwa kuwa viatu vyao vilipita mikononi mwake. Ukimpelekea kiatu kilichoachama mdomo, kesho yake unakikuta kimefumba, soli imeshonwa kwa uzi uliopakwa nta, na mshono huuoni mpaka uutafute. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mjane, mpole, mtu wa kuamkia watu kabla hajaamkiwa. Hakuna aliyewahi kumshuku kwa lolote, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa.

Jumamosi moja asubuhi kaka yake alikuja dukani. Alimzidi kwa miaka mitatu, na alikuwa haoni tangu utotoni. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa opereta wa simu hospitalini: ukitaka wodi ya wazazi, ukitaka daktari wa zamu, sauti yake ndiyo iliyokupokea na kukuunganisha, na namba zote alikuwa nazo kichwani. Sasa alikuwa amestaafu. Aligusa benchi la wateja kwa fimbo, akakaa, akavuta pumzi.

"Mdogo wangu, nataka tusafiri. Twende kwa Kijiti."

Nyundo ya Fundi ilisimama hewani. "Kijiti? Si yuko upande wa pili wa bara?"

"Upande wa pili hasa. Twende kwa treni, kama alivyopelekwa yeye. Namba yake ya simu nimeipata."

"Umempata vipi?"

"Mimi nishindwe kumpata mtu kwa simu?" Kaka alicheka, kisha akawa mtu mzima tena. "Nimezeeka. Nataka nimshike mkono nimwambie, yaliyopita si ndwele, nimekusamehe. Nisife nikiwa na kinyongo naye. Alikuwa mtoto tu."

Fundi aliinama chini ya meza, akajifanya anatafuta msumari ulioanguka. Hakuna msumari ulioanguka.

Kijiti alikuwa binamu yao, mtoto wa shangazi, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake. Walilelewa nyumba moja. Mwaka ule baba alikuwa akiongeza chumba, na waashi walikuwa wameacha pipa la chokaa mbichi uani. Fundi alikuwa na miaka tisa. Aliwaona wakubwa wakifanya mchezo: unatia donge la chokaa kwenye kopo, unatia maji, unakaza kifuniko, kopo linachemka na kifuniko kinaruka juu kwa kishindo. Naye akafanya. Kijiti, aliyemzidi mwaka mmoja, alisimama mlangoni akimwambia, "Acha, utaumia." Hakuacha. Kopo likakaa kimya kama limelala. Ndipo Kaka akatokea upande wa jikoni, akaliona linafuka, akainama kuangalia kuna nini, likamlipukia machoni.

Baba alipotoka mbio alimkuta Kijiti amepiga magoti, mikono yake imejaa chokaa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akimwosha Kaka uso kwa maji ya ndoo. "Nani kafanya hivi?" baba alinguruma. Kidole cha Fundi kilinyooka. Kijiti alikana, akalia, akaapa; lakini mikono yake ilikuwa myeupe, na ya Fundi ilikuwa imekwisha kufutwa kwenye kaptula. Wiki ile ile walimpeleka stesheni, akapelekwa kwa baba yake mdogo aliyekuwa mfanyakazi wa reli huko mbali. Hakurudi tena. Shangazi alifariki miaka mitatu baadaye.

Basi ikawa kila Jumamosi ndugu wawili wanapanga safari. Fundi alibandika karatasi kubwa ukutani, juu ya rafu ya viatu vilivyosahauliwa na wenyewe, akaandika treni sita, moja chini ya nyingine, saa za kuondoka na za kufika. Karani wa tiketi pale stesheni, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alimpa ratiba na kumweleza mitego yake: treni ya pili huondoka Jumatano tu, kati ya ya pili na ya tatu inabidi mvuke mto kwa pantoni, maana reli za nchi hizo mbili hazilingani upana. Siku kumi na moja, kama hakuna kilichoharibika.

Fundi alisoma, Kaka akameza. Wiki ya pili alikuwa akiyasema yote bila kukosea, kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Na mimi nakaa dirishani," alisema.

"Dirishani? Wewe?"

"Upepo, mjinga wewe! Mandhari utanisimulia. Na usinidanganye kuna tembo wakati ni ng'ombe."

Walicheka wote wawili. Cha Fundi kilikuwa kicheko cha mdomo tu. Usiku hakulala vizuri, na mchana alianza kukosea kazi: alimrudishia mwalimu mmoja viatu viwili vya kulia. Alijiona kama mwizi anayemshika mkono aliyeibiwa, ampeleke kumsamehe mtu mwingine. Kaka angesimama mbele ya Kijiti, amshike mikono, amwambie nimekusamehe. Na Kijiti angegeuka amtazame nani?

Akaanza kuchelewesha mambo. Mara ratiba inabadilishwa. Mara treni ya pili imejaa, tungoje shule zifunguliwe. Kaka alisema haya, subira huvuta heri. Mwishowe, Jumamosi ya saba, Fundi alisimama mbele ya ile karatasi, akaisoma kwa sauti, na alipofika treni ya nne akasema jambo ambalo halikuandikwa popote.

"Hii nayo imesimamishwa. Daraja la mto mkubwa limebomoka. Mafuriko. Wanasema halitajengwa mwaka huu, pengine hata mwakani."

"Hakuna njia ya kuzunguka?"

"Hakuna, Kaka."

Kaka aliipapasa fimbo yake juu mpaka chini. "Basi tena," alisema. Chai yake aliiacha nusu kikombe, akaenda zake.

Mwanzoni Fundi alihisi nafuu, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nafuu yenyewe haikufika jioni. Kusema uongo ni kusema uongo, aliwaza, lakini kumsomea uongo mtu asiyeona, kwenye karatasi anayokutegemea umsomee kwa sababu hana mwingine, hilo hata jina sijui. Alimchukulia macho, sasa anamchukulia na ratiba.

Jumatano, siku ambayo si ya kawaida yake, Kaka alikuja tena. Mkewe alimfikisha mlangoni, akamsalimia Fundi, "Shemeji hujambo," akaendelea na shughuli zake. Kaka hakukaa.

"Nimepiga simu," alisema. "Nilianza na stesheni yetu. Wakanipa makao makuu. Makao makuu wakanipa namba ya stesheni iliyo karibu na daraja. Nikaongea na stesheni masta mwenyewe. Nikampa pole ya daraja lake. Akacheka. Akaniambia treni ya abiria imepita juu yake asubuhi ile ile, na mbili za mizigo nyuma yake."

Fundi aliweka chini kiatu alichokuwa amekishika.

"Sababu naijua," Kaka akaendelea, na mdomo wake wa chini ukaanza kutetemeka, jambo ambalo Fundi hakuwa ameliona tangu walipomzika mama. "Unaona nitakuwa mzigo. Siku kumi na moja za kumwongoza mtu mzima hadi chooni, kumkatia nyama, kumpandisha ngazi. Ni kweli, ni kazi. Ungeniambia tu, mdogo wangu. Nisingekasirika. Lakini kunitungia daraja!"

Angemtukana, Fundi angevumilia. Angemwita mwongo, angeinamisha kichwa na pengine angeendelea kunyamaza miaka mingine kumi. Lakini kumsikia Kaka akijihesabu kuwa mzigo kwa sababu ya woga wa mtu mwingine, hapo akashindwa.

"Si wewe, Kaka. Ni mimi. Lile kopo lilikuwa langu."

"Kopo gani?"

"La chokaa. Mimi ndiye niliyelijaza. Mimi ndiye niliyekaza kifuniko. Kijiti hakugusa kitu."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Magurudumu yalilia, yakaenda, yakapotea. Kaka alikuwa amesimama wima kama nguzo.

"Rudia."

Fundi akarudia, neno kwa neno, kwa sauti ya chini.

"Na Kijiti alikuwa wapi?"

"Mlangoni. Aliniambia niache. Halafu ndiye aliyekimbilia ndoo akakuosha."

"Ile mikono," Kaka alisema polepole. "Iliyokuwa ikinimwagia maji. Ilikuwa yake?"

"Yake."

"Miaka hamsini na miwili nimeichukia ile mikono." Akageuka, akajigonga goti kwenye benchi. Fundi aliruka kumshika. "Usiniguse!" Akatoka, akafuata ukuta kwa fimbo peke yake, na Fundi akabaki mlangoni akimtazama mpaka alipokata kona.

Siku kumi zilipita bila neno. Siku ya kumi na moja shemeji alikuja, mikono mitupu, hana kiatu cha kushona. "Kaka yako anakula kidogo mno, na kuongea haongei. Mmefanyiana nini?" Fundi alimweleza. Mama wa watu alisikiliza hadi mwisho, akatazama viatu vilivyopangwa kwenye rafu kama anavihesabu, akasema, "Miaka yote hii unakuja kula kwangu." Kisha: "Unasubiri nini sasa? Wa kuombwa radhi si mimi." Akamwandikia namba ya Kijiti nyuma ya risiti.

Alipiga mchana ule ule, kabla moyo haujabadilika. Simu ililia mara nyingi. Ikapokelewa na sauti nzito, ya mtu asiyeharakishwa na kitu. Fundi alijitaja, akasema yote kwa pumzi moja, asije akatafuta njia ya kuchepuka. Upande wa pili kuku walisikika.

"Wewe ni yule mdogo," Kijiti alisema mwishowe.

"Ndiye mimi."

"Nilipokuwa kijana nilijua siku moja utapiga. Kila simu ikilia kazini, nasema ni huyo. Nikaja nikaacha." Alikohoa. "Mama yangu alikufa akiamini amezaa mtoto aliyempofusha mwenzake. Hilo utalirekebisha vipi?"

"Siwezi, ndugu yangu."

"Huwezi. Afadhali hujajidai unaweza. Kaka yako anajua?"

"Nimemwambia."

"Basi njooni. Yeye hata leo namtaka, mlango uko wazi. Wewe sijui nitakufanyaje, nisikudanganye. Lakini na wewe uje. Nataka nikuone usoni ukiyasema hayo."

Simu ikakatwa. Fundi alifunga duka kabla ya saa, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Kaka. Alimkuta sebuleni, redio imezimwa, mikono magotini. Alipiga hodi, akaamkia, akajibiwa kwa kichwa. Akasimulia alivyoongea na Kijiti, hakupunguza wala hakupamba. Alipofika penye kifo cha shangazi Kaka aliinua mkono kumsimamisha, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaushusha: endelea.

"Andika majina matatu," alisema mwishoni. "Mimi, shemeji yako, na wewe. Mke wangu ndiye atakayenishika mkono. Wewe utabeba mabegi."

"Sawa, Kaka."

"Huko utaongea wewe, na mimi nikiwepo. Sina tena cha kumsamehe yule mtu. Nakwenda kumshukuru."

"Na mimi, Kaka?"

"Wewe bado." Sauti yake haikupanda. "Usiniharakishe. Nimeijua habari hii juzi tu, wewe umekaa nayo maisha yako yote."

Hiyo ilikuwa haki. Kwa wiki mbili alimaliza kazi za watu, akarudisha kila jozi kwa mwenyewe nyumba kwa nyumba, akiomba samahani kwa zilizochelewa. Kaka hakurudi dukani. Maagizo yalikuja kupitia shemeji: behewa lisiwe karibu na injini, maji ya kunywa yabebwe ya siku mbili, pantoni ipandwe mapema. Fundi aliyaandika yote. Hakuna hata agizo moja lililomtaja yeye, ila la mabegi.

Siku ya kukata tiketi karani wa miwani ya kamba alifurahi kumwona. "Hatimaye! Nilidhani mmeghairi. Sita kwa watatu, mpaka mwisho wa reli. Huko mna jamaa?"

"Ndugu yetu," Fundi alisema. "Alisingiziwa jambo nililolifanya mimi, akafukuzwa. Nakwenda kumwomba radhi."

Karani alimtazama juu ya miwani yake. Akagonga muhuri, akampa tiketi, akamkumbusha kuwa treni haimngoji mtu, wafike nusu saa kabla.

Walifika saa nzima kabla.