Kinyozi na Binti Yake

Mdogo wangu ni kinyozi, na kibanda changu cha kushonea kimepakana na chake. Kati yetu ni ubao mwembamba tu, kwa hiyo upuuzi wake wote hunifikia.

Hotuba aliyoipenda zaidi ilikuwa ya malezi. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni, hana pa kukimbilia. "Siku hizi wanaume wamekwisha," mdogo wangu alikuwa akisema huku mashine ikinguruma. "Mtoto anataka kumwona baba yake!" Nami upande wa pili najichoma sindano kwa hasira. Binti yake alikuwa na miaka tisa, akiishi na mama yake mtaa wa tatu kutoka pale. Mara ya mwisho baba kumtembelea, mtoto alikuwa hajaanza shule.

Alasiri moja binti alikuja kwangu kuchukua sketi yake. Mkononi ana barua: mwalimu anataka kumwona mzazi, mtoto hasomi vizuri. Mama yake alikuwa zamu hospitalini, anakofanya usafi.

"Shangazi, nimpelekee baba?"

"Mpelekee."

Nikaacha kukanyaga cherehani, nikasikiliza.

"Karibu, mrembo!" sauti ya mdogo wangu ilijaa asali. "Lakini hapa wananyoa wanaume. Umepotea? Baba yako nani, tumpigie simu?"

Wateja wakacheka.

"Ni wewe," mtoto akasema.

Kicheko kikakatika. Nilipoingia, mdogo wangu amesimama mdomo wazi, na mteja amenyolewa kichwa upande mmoja.

"Dada," akaniambia, "amekua ghafla!"

"Mtoto hakui ghafla. Alikua kila siku, wewe ndiye hukuwepo."

"Mama yake ana maneno. Nikienda pale..."

"Mwanamume mzima unaogopa maneno, na wewe ndiye unayeyauza hapa tangu asubuhi! Soma barua."

Mteja aliyenyolewa nusu akaguna. "Soma, bwana. Nitasubiri."

Kesho yake alikwenda shuleni, shati limepigwa pasi kama anakwenda kuposa. Nilifuatana naye, maana simwamini. Mwalimu akamuuliza mdogo wangu: mtoto wako yuko darasa la ngapi? Akatazama dari. Alizaliwa mwezi gani? Akakohoa. Mtoto akajibu yote mwenyewe, taratibu, bila hata kumtazama baba yake. Mdogo wangu akabaki akikunja na kukunjua ile barua. Nilifurahi, sitaficha.

Mwalimu alitaka mtu wa kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti, kila siku nusu saa. Mama zamu zake hazitabiriki. Basi sasa binti akitoka shule huketi pale kibandani na kitabu chake. Baba ananyoa, mtoto anasoma, akikwama baba anasimamisha mashine, anainama kutazama neno. Siku mbili baba alitoroka kwenda kutazama mpira. Nilimfuata uwanjani nikamrudisha mbele ya rafiki zake.

Wateja wanamsifu. "Huyu ndiye baba!" Anavimba kichwa. Mama aliyelea miaka tisa peke yake hajapigiwa makofi hata na nzi.

Mtoto anasoma vizuri zaidi sasa. Lakini bado hajamwita mdogo wangu "baba". Jana tu nilimsikia mtoto akimwambia, "Wewe, hapa hukunisikiliza," na mdogo wangu akajibu kwa unyenyekevu, "Samahani, mama. Rudia."