Uwanja Uliopanda Kilimani

Jumamosi, tarehe 9 Juni 2018. Asubuhi hiyo ukungu ulilala juu ya mabati ya mji wa Kundiawa na baridi iliuma vidole, lakini mvua haikunyesha.

Siune Bolkun alifika kwenye geti la uwanja saa mbili na wachezaji wake kumi na saba. Aliichezea Papua Guinea Mpya raga ya watu kumi na watatu mara kumi na tisa, na katika nyasi za uwanja huu aliacha ngozi ya magoti na meno mawili. Sasa alikuwa kocha wa wanawake, na geti lilikuwa na kufuli. Wasipocheza leo na timu ya Goroka, timu yao itafutwa kwenye ligi.

"Shemeji, mila unaijua," alisema Waugla, mwenyekiti wa ligi, akitafuna popoo. "Mwanamke haruki kitu cha mwanamume. Mstari wa trai, wa kufungia pointi, ni wetu. Wakiuvuka, vijana watalegea miguu."

"Vijana wenu wamelegea tangu Pasaka," alijibu nahodha Monguai, muuza viazi vitamu sokoni. "Mlifungwa hamsini. Nani alikuwa amewaruka?"

Walinzi wa geti walicheka, kisha wakakumbuka kazi yao.

Siune aliligeuzia geti mgongo. Alizipandisha timu zote mbili, yake na ya Goroka, hadi shamba la viazi la mkewe, mlimani, mahali ambapo hata kuku hutembea kwa kujishikilia. Waliinamisha vichwa wakaomba pamoja na mchungaji wa kanisa, bila haraka. Baada ya Amina, alipuliza filimbi.

Uwanja ukaja. Ulipanda barabara taratibu na milingoti yake, ukaliachia njia lori la kahawa kwenye kona, ukajitandaza juu ya mteremko bila kuinama upande wowote. Mke wa Siune aliuliza kama viazi vyake vitapumua huko chini. Aliambiwa vitapumua.

Goroka waliongoza kumi na nane kwa kumi na sita mpaka dakika mbili za mwisho. Ndipo Monguai alipochukua mpira, akaburuta wanawake watatu mgongoni, akauvuka mstari kwa miguu yote miwili na kuuweka mpira chini. Ishirini kwa kumi na nane. Mlima mzima ulipiga kelele. Wanawake wa sokoni walimbeba Siune juu juu, naye alilia mbele ya watu bila kujifuta.

Jioni uwanja ulirudi mjini peke yake. Waugla aliufungia kwa kufuli mbili. Matokeo aliyaandika kuwa ni halali, na katika ratiba ya wanawake akaacha mahali pa kuandika uwanja pakiwa patupu, kama kawaida. Kisha akapanda mlimani kula nguruwe aliyeokwa shimoni.

"Shemeji, una mkono wa baraka," alisema. "Njoo ufundishe timu ya wanaume ya mkoa."

Kazi hiyo Siune alikuwa ameiomba kwa Mungu miaka sita. Aliweka nyama chini, akasimama mbele ya timu zote mbili, mkewe na mchungaji.

"Sikieni wote, na Mungu anasikia. Sitafundisha mwanamume hata mmoja mpaka Monguai aingie uwanjani kwa kupitia getini."