Shaba Moja ya Mama Ashun

Gou Shiliang alikuwa akikata figili za achari pale mkewe, aliyezikwa siku tisa nyuma, alipoingia jikoni akaketi kwenye kigoda chake. Midomo yake ilikuwa na kutu.

"Umerudi, Mama Ashun," alisema Gou.

"Wamenirudisha. Hebu nipe hayo maji."

Akasukutua, akatema maji mekundu. Kisha akatoa chini ya ulimi ile sarafu aliyotiliwa na Gou mwenyewe siku ya kuoshwa, maana maiti haondoki mikono mitupu. Ilikuwa ya chuma.

"Bawabu wa kuzimu kanicheka," alisema. "Eti pesa ya chuma mwisho wake mpakani mwa jimbo hili la Sichuan. Anataka shaba. Baba Ashun, hata hilo hukulijua?"

Alilijua. Lakini shaba yote ya Sichuan wakubwa walishaikomba wakaipeleka mji mkuu, na aliyekutwa nayo alichapwa. Wao chuma hawakigusi. Chuma ni cha sisi kubeba: ukienda kununua mafuta, pesa ni nzito kuliko mafuta.

Asubuhi wakaenda wote wawili ofisi ya wilaya kuomba shaba moja. Karani akamtazama Mama Ashun kinywani, kama mtu anayenunua punda.

"Wa arobaini na mbili mwezi huu," alisema. "Shaba hakuna, mzee."

"Moja tu, bwana mkubwa. Akapumzike. Huyu amefanya kazi tangu ana miaka saba."

"Nani kakwambia kachoka? Anakula?"

"Hali."

"Analala?"

"Halali."

Karani akachovya brashi kwenye wino. "Basi atabeba mishahara ya askari mpaka kambini. Hicho chuma kinatuulia punda."

Mama Ashun akauliza kama njiani kuna matope. Karani akasema yapo, kiasi.

Kesho yake alfajiri maiti wa wilaya walijipanga barabara ya kaskazini, kila mmoja na mzegazega wake, mti wa begani wenye vikapu viwili vya sarafu. Walio hai waliokuja kuwasindikiza walizungumzia bei ya chumvi. Gou alikunja kitambaa, akakiweka begani kwa mkewe, chini ya mti wa mzigo.

"Cha nini? Mimi sisikii kitu," alisema Mama Ashun.

"Najua," alisema Gou, akakitoa, akakikunja tena kiwe kinene zaidi.